Magunia Mia ya Sayansi ya Siasa

Pale Majengo, ukishapita mashine ya kukoboa na kabla hujaufikia msikiti, lipo benchi ambalo zamani lilikuwa la kanisa. Parokia ilipopata mabenchi mapya, hili likastaafishwa pamoja na ubao wake wa kupigia magoti, likahamia barabarani, na siku hizi maombi pekee linayoyasikia ni ya mtu anayetaka kikombe kijazwe mpaka ukingoni. Dada Faudhia, muuza kahawa, hukaa pembeni yake na birika, jiko la mkaa na ndoo ya kashata. Wa kudumu ni wanne. Optatus, fundi cherehani, anaitwa Spika, kwa sababu amegombea uenyekiti wa mtaa mara tatu na kuanguka mara tatu, kijiwe kikaona si haki mtu wa namna hiyo akose cheo kabisa. Hezron wa bodaboda anaitwa Redio, na hazimwi. Gervais, seremala, ni Mzee wa Joho: siku ya mahafali ya binti yake Eufrazia, joho alilivaa yeye, akapiga nalo picha, akakataa kulivua mpaka stendi. Wa nne ni Kassiani, mnunuzi wa mpunga, ambaye jina lake la kijiweni ni Lumbesa, maana gunia analonunua yeye lazima lijazwe mpaka liote shingo na kichwa.

Jumapili hiyo ya Septemba, vumbi likiwa limepaka mji mzima rangi moja, Kassiani alifika wa kwanza akiwa na jambo tumboni. Binti yake Dorika alikuwa amechaguliwa kwenda chuo kikuu. Hilo lilikuwa la kuchinjia mbuzi, tatizo kozi. Kati ya kozi zote zilizopo duniani, Dorika alikuwa amepangiwa sayansi ya siasa, ileile aliyosoma Eufrazia wa Gervais. Na mwisho wa kuthibitisha nafasi ulikuwa leo. Asipothibitisha, kesho nafasi ni ya mwingine.

Mtu wa nje ataona hapo hakuna shida. Mtu wa nje hakuwepo Majengo miaka yote ambayo Kassiani ameitukana digrii ile. Aliitukana Eufrazia alipoondoka, akaitukana aliporudi. Na Eufrazia alipokaa nyumbani miaka miwili bila kazi, akichoma vitumbua, Kassiani alionja raha ambayo hajaionja tena. Kila mwezi alipeleka mfuko wa unga kwa Gervais, bure, kwa huruma kabisa, ili apate kuketi kwenye kiti chao kidogo amwangalie msomi anavyogeuza vitumbua. Kisha binti akapata kazi kwenye mradi. Gervais akaezeka bati la msauzi, jekundu, ambalo jua likilipiga mwanga wake unamfuata Kassiani mpaka chumbani. Unga ukakoma.

Halafu kuna simu. Kila Jumapili saa kumi Eufrazia humpigia baba yake, na Gervais, badala ya kuiweka simu sikioni kama watu, huilaza juu ya benchi akabonyeza sauti kubwa, ili mpaka anayepita na baiskeli asikie "Shikamoo baba, umeshindaje". Kassiani hana mtoto wa kumpigia simu. Wa kwake wote wako nyumbani, wanamwita kwa mdomo.

Kwa hiyo alikuwa amebanwa pande zote. Akimruhusu Dorika, amekula maneno yake yote mbele ya Gervais. Akikataa, Gervais atabaki peke yake mtaa mzima na digrii yake na bati lake. Alikuja kijiweni kutafutiwa sababu ya kukataa, tena sababu yenye namba.

— Nina jamaa yangu Karema, alianza, wote walipokwisha kupata kikombe cha kwanza. — Mvuvi. Binti yake amechaguliwa kusoma haya mambo ya sayansi ya siasa. Ananiuliza, ndugu yangu, kitu hiki kinalipa? Nikamwambia subiri, nikawaulize watu wenye hekima.

— Hekima hapa iliisha asubuhi, alisema Faudhia. — Imebaki kahawa.

Spika aligonga benchi kwa kikombe.

— Hoja imepokelewa. Sayansi ya siasa, gharama zake na mapato yake. Atakayechangia anunue kashata kwanza, tusichangie na njaa.

— Inalipa, alisema Gervais.

— Spika, huyu ana maslahi, Kassiani alidakia. — Ayatangaze.

— Nayatangaza. Bati la msauzi, sola, na viatu hivi.

Akanyoosha miguu na kuipumzisha juu ya ubao wa magoti, ncha za viatu zikimwelekea Kassiani. Viatu vilikuwa vyeusi, na kwa namna ambayo Kassiani hakuielewa, havikuwa na vumbi.

— Nyie hamjui hii kitu, alisema Redio. — Juzi nimempakia mtu wa mradi mpaka Mishamo, kafunguka njia nzima. Hawa wasomi wa siasa wamewekwa kila mahali, ila hawaonekani. Ukiona lami inakuja, inakuja, halafu katikati ya safari inakata, we unadhani hela imeisha?

— Imeisha au imeliwa, alisema Spika.

— Haijaisha, mzee baba. Kuna mtu wa sayansi ya siasa kakaa na rula, kapima. Lami ikifika kila mahali, watu wanaridhika, utawaahidi nini tena? Isipokuwepo kabisa, wananuna. Inatakiwa ikate palepale ambapo mtu akisimama mlangoni kwake anaiona, lakini hajaikanyaga. Kupapata hapo si mchezo. Yule analipwa kwa mita.

— Mita za lami au za vumbi?

— Za vumbi. Ndizo alizosomea.

Spika alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za wanafunzi wa chekechea.

— Mimi ndiye niliyegombea mara tatu hapa, kwa hiyo nisikilizwe. Mwaka wa kwanza wanafundishwa kuongea saa nzima. Mwaka wa pili, kuongea saa nzima bila kusema kitu. Mwaka wa tatu ndiyo mtihani wenyewe. Unaingizwa kwenye ukumbi umejaa watu, saa nane mchana, hawajala, na wali hakuna. Wakikupigia makofi, umefaulu.

— Wasipopiga?

— Unakuwa mimi.

— Acheni fiksi, alisema Gervais. — Mwanangu anafanya utafiti. Anazunguka vijijini na tableti yake. Maji mnapata? Zahanati mnaionaje? Wananchi wakijibu, anabonyeza. Mwisho wa mwezi mshahara, akilala huko na posho.

— Analipwa kuuliza watu maswali, alisema Kassiani. — Mimi kila nikipita kwako nakuuliza, Gervais, hilo bati halipitishi joto? Mbona silipwi?

— Kwa sababu wewe jibu unalo tayari. Unataka tu kusikia kwamba linapitisha.

— Linapitisha?

Gervais alisitasita.

— Mchana, kidogo.

Kahawa ya Faudhia haitiwi sukari, lakini funda lile lililofuata Kassiani aliliona tamu.

— Na kuna somo la kucheka, Redio aliendelea, maana ukimya wa sekunde mbili humuumiza. — Usione watu wanacheka kwenye mikutano ukadhani wamefurahi. Lipo cheko la diwani, la mkuu wa wilaya, na la waziri. Ukimchekea diwani cheko la waziri, kesho anagombea ubunge. Ukimchekea waziri cheko la diwani, unahamishiwa kituo ambacho hata basi halikijui.

— Tuchekee la waziri, alisema Spika.

Redio akaweka kikombe chini, akajishika tumbo, akaanza taratibu, akapandisha, akamalizia kwa kujifuta machozi ambayo hayakuwepo. Mbwa aliyelala chini ya benchi aliamka akahamia upande wa pili wa barabara.

— Hilo lina kikohozi ndani, alisema Faudhia. — Hilo ni la mtendaji wa kata. Lakini hao wasomi mimi nawaogopa. Eufrazia alipokuja Pasaka alikaa hapo alipokaa Kassiani, akawaangalia mnavyobishana, saa nzima, kimya. Anakunywa, anawaangalia. Mwisho akaniinamia akaniuliza, dada Faudhia, hawa kuna mtu anawalipa?

— Kwani inawezekana? aliuliza Spika.

— Jamani, tuache hadithi, alisema Kassiani. — Mwenzetu wa Karema anataka namba. Na namba ya kueleweka hapa Katavi ni gunia. Shilingi leo hivi, kesho vile, gunia ni gunia.

Hapo ndipo alipotaka kuwafikisha tangu mwanzo. Kwenye ununuzi wa mpunga kuna mbinu moja ambayo mtu hamfundishi hata ndugu yake. Mwezi wa saba, mpunga ukiwa umeanikwa kila uwanja, gunia ni elfu sitini. Mwezi wa pili, maghala yakiwa yanapiga mwangwi, gunia lilelile ni laki moja na ishirini. Basi kitu unachotaka kionekane ghali, kipime kwa gunia la mwezi wa saba. Unachotaka kionekane duni, kipime kwa gunia la mwezi wa pili. Kassiani alijenga nyumba kwa mbinu hiyo, na katika maisha yake yote hajawahi kutaja mwezi.

— Mkopo wa serikali tuseme umetoa wake, alisema, akikunja vidole mmoja mmoja. — Mzazi anabaki na ada iliyopelea, chumba, chakula, nauli ya kwenda na kurudi, laptopu, na yale mengine ambayo wasichana hawayasemi mpaka uwe umeshatoa. Miaka mitatu, hakosi milioni sita. Gunia mia.

— Mia, Redio alirudia, macho yakiwa yanatazama malori yasiyokuwepo.

— Gervais, sisi ni ndugu. Eufrazia anapata ngapi?

— Laki saba na ishirini. Ukiacha posho.

— Gunia sita. Mwezi mzima, gunia sita, hajala, hajalipa chumba. Mtu anatoa gunia mia, anasubiri miaka mitatu, anaongeza miwili ya vitumbua, ndipo aanze kuletewa gunia sita sita.

— Linaondoka lori, inarudi bajaji, alisema Redio.

— Hasara, alisema Spika, akagonga benchi.

Hesabu za Gervais ni za mbao. Alitazama viatu vyake kama mtu anayejiuliza vimemfikiaje, akaivuta miguu taratibu kutoka kwenye ubao wa magoti. Kassiani aliiona safari nzima ya viatu vile mpaka vilipoingia uvunguni. Tangu unga ulipokoma hakuwa ameona kitu kizuri kiasi kile.

— Basi nimwambie jamaa yangu, alisema, — binti akae nyumbani.

Alipolisikia neno hilo likitoka, hakuionja raha aliyoitegemea. Akanunua kashata nyingine.

Saa kumi ikagonga, simu ya Gervais ikaita. Kwa mazoea, hata bila kufikiri, akailaza juu ya benchi akabonyeza.

— Shikamoo baba. Umeshindaje?

— Marahaba mama. Tuko kijiweni, tunakusikia wote.

— Shikamooni wazee wangu. Baba, Baba Dorika yupo hapo?

Kassiani aliinua kikombe kujifunika uso. Kilikuwa kikombe kidogo, hakikutosha.

— Yupo, alisema Gervais. — Anakunywa.

— Hongera sana Baba Dorika. Dorika amenipigia, kaniambia kachaguliwa sayansi ya siasa. Nimefurahi mpaka nimeruka. Ila yeye analia. Anasema leo ndiyo mwisho wa kuthibitisha, na kila akikuuliza unamwambia ngoja niende kijiweni. Sasa nimwambieje?

Vichwa vyote vilimgeukia Kassiani.

— Jamaa wa Karema, alisema Redio polepole. — Mvuvi.

Gervais aliinyanyua simu. Kwa mara ya kwanza mbele ya macho yao alizima sauti kubwa, akaiweka sikioni, akasema kwa upole, "Nitakupigia, mama," akaitia mfukoni.

Kassiani alijiandaa kuchekwa. Kuchekwa anakujua, angekujibu. Gervais hakucheka.

— Ile miaka miwili, Gervais alisema, akiangalia barabara, — kuna siku nilimwambia Eufrazia basi, aache kutuma maombi ya kazi, tuangalie mambo ya mume. Akaniambia, baba, Mzee Kassiani analeta unga hapa kila mwezi. Mtu wa nje anaamini nitafika, wewe unashindwaje? Nilipata aibu, sikumwambia tena. Kazi ikaja baada ya hapo. Sijawahi kukushukuru, Lumbesa. Kila nikitaka kukushukuru unaanza kuitukana digrii, naona labda hupendi kusifiwa.

— Ule unga, alianza Kassiani, akakosa pa kuumwaga.

— Ulikuwa gunia ngapi? aliuliza Redio. — Tuuingize kwenye gharama.

Ndipo Dorika alipotokea upande wa mashine, kanga begani, simu mkononi, macho mekundu. Wasichana wa mtaa ule hulipita benchi lile kwa mwendo wa haraka. Yeye alisimama mbele yake.

— Shikamooni.

— Marahaba, waliitika, na hata Redio aliishia hapo.

— Baba, mtandao umerudi sasa hivi. Haujulikani utakaa mpaka saa ngapi. Naomba unijibu.

Kassiani alimtazama Spika, na Spika akamwonea rafiki yake huruma. Akajikohoza, akasimama kabisa.

— Mwanangu, pole pole. Jambo lako limekaliwa na watu wazima, limepigiwa hesabu. Gharama, gunia mia. Mapato, gunia sita kwa mwezi. Kijiwe kimeona ni hasara. Na usidhani tumekuonea, hesabu kaipiga baba yako mwenyewe.

Dorika alimsikiliza mpaka mwisho. Tangu darasa la sita ndiye aliyekuwa akimshikia baba yake mizani, mwezi wa saba wakinunua, mwezi wa pili wakiuza.

— Gunia la mwezi gani? aliuliza.

Aliuliza bila ubishi, kama mtu anavyouliza bei ya nyanya. Spika alimtazama Redio. Redio alianza kukunja vidole, akafika cha tatu akavikunjua vyote, akamtazama Gervais. Gervais alimtazama Kassiani. Spika aliketi. Watu wanne waliozaliwa na kukulia kwenye mpunga walikuwa wamekaa alasiri nzima wakihesabu magunia, na hapakuwa na mmoja aliyeuliza mwezi, na yule mmoja aliyeujua hakuutaja.

Kassiani aliinua kikombe akakikuta kitupu. Akamnyooshea Faudhia. Faudhia aliliinamisha birika juu yake, akalitikisa, tone moja likaanguka, pamoja na machicha.

— Imeisha, alisema. — Mmeongea sana leo.

Ng'ambo ya barabara jua lilikuwa limelipata bati la Gervais sawasawa. Kassiani alifumba jicho moja. Aliliona ghala lake, magunia yamepangwa mpaka darini yakisubiri mwezi wa pili. Akiyafungua Septemba atauza kwa bei ya katikati, isiyo ya raha wala ya kilio. Kisha akaliona benchi hili hili, Jumapili nyingine, na simu juu yake ikiita. Simu aliyoiona haikuwa ya Gervais.

— Kathibitishe, alisema.

— Baba?

— Kathibitishe kabla mtandao haujakata. Ghala nitalifungua kesho. Lakini nisikilize vizuri. Ukifika huko, kila Jumapili unanipigia. Saa tisa na nusu.

— Mbona saa tisa na nusu?

— Wewe piga.

Gervais alipata kikohozi cha ghafla, kile ambacho Faudhia angekitambua kuwa cheko la mtendaji wa kata. Dorika alipiga goti kidogo, akageuka, akatembea hatua chache kama mtu mzima, kisha akaanza kukimbia, kanga ikimdondoka, akairudia, akakimbia tena.

Faudhia alikusanya vikombe. Spika aliahirisha kikao bila kugonga, maana hakuwa na kikombe cha kugongea. Redio aliwasha pikipiki, akaondoka haraka kama mtu aliyebeba habari ya moto.

Kassiani alibaki. Alitoa mfukoni simu yake ndogo ya tochi, akaipulizia vumbi, akaifuta kwa shati. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akasogea kwenye benchi mpaka bega lake likagusana na la Gervais.

— Hiyo sauti kubwa, aliuliza kwa sauti ya chini, — unaibonyezea wapi?